Bustani ya Mama Isiyopata Jua

Sumberarum,
wiki ya mvua za kwanza

Kwa dada yangu wa pekee, Mbak Winarsih,

Assalamu alaikum. Kabla sijasema langu, naomba kujua mnaendeleaje huko Balikpapan. Je, kikohozi cha mwanao Laras kimekwisha, au bado kinamwamsha alfajiri? Na Mas Yudo amezoea kazi mpya? Mwambie shemeji yake anamsalimu na bado anamdai sababu ya kutokuja sikukuu ya Lebaran iliyopita. Sisi huku tupo. Mimi ni mzima, isipokuwa mgongo, maana siku hizi nikitoka kufundisha shuleni nashinda nimeinama bustanini. Mama anakula, anasali, na anagombana na kuku wa jirani kama kawaida yake. Ningeweza kuishia hapo na kuandika kwamba hajambo. Wewe ungelala vizuri, lakini mimi nisingelala, kwa hiyo nisome mpaka mwisho, dada yangu.

Utajiuliza kwa nini nimeshika kalamu wakati simu ipo. Ni Mama aliyetaka hivyo. Anasema kwenye simu utalia, naye atalia, na kabla hujafikiri utakuwa umeshakata tiketi ya meli. Nataka ufikiri kwanza.

Ulipoondoka, jumba la Pak Darmadi lilikuwa bado msingi na nondo. Unajua ukuta wa msikiti ulikuwa unatuzibia jua la jioni tangu tukiwa wadogo, na hatukujali, kwa sababu la asubuhi lilikuwa letu. Hilo la asubuhi ndilo Pak Darmadi alilolichukua. Amejenga gorofa nne za zege tupu, hazina hata dirisha moja, ila vitundu vya kuingilia mbayuwayu. Juu ameweka vipaza sauti vinavyolia kama ndege kuanzia alfajiri, ili ndege wenyewe waamini kwamba humo ndani kuna harusi, waje wajenge viota vyao vya mate, naye aviuze kwa watu wa supu mjini. Ndege wamekuja kweli. Sisi tumebaki na kivuli. Bustani yote ya Mama, kutoka benchi la barazani hadi kisimani, haiguswi na jua saa yoyote.

Waridi zilianza kurefuka shingo kama watu wanaochungulia, kisha zikadondosha majani, zikafa. Yasmini bado ina majani lakini haitoi ua. Unajua maana yake kwa Mama. Tangu Bapak afariki, ni petali za bustani hii alizokuwa akiuza kila Alhamisi pale kwenye lango la soko, kwa watu wanaokwenda kumwagia makaburi. Sasa analetewa maua ya watu wa milimani, anayauza kwa niaba yao, na kila akirudi anasema hayana harufu.

Lakini kilichonichoma hasa ni mkasi. Waridi zilishakufa, na bado kila asubuhi Mama alikuwa akitoka na mkasi wake na kile kikapu, anasimama katikati ya bustani tupu, halafu anarudi ndani. Nikajiambia, Palupi, kama maua hayawezekani, mtafutie mama yako rangi. Awe na kitu cha kutazama.

Nikaenda kwa Bu Sarmi, yule mwenye kitalu cha miche njia ya mlimani. Nikamwambia nataka miche yenye rangi, ya mahali penye kivuli.

Akaniuliza, “Kivuli cha namna gani, Nduk, binti yangu? Cha mti au cha kaburi?”

Nikamwambia ni cha Pak Darmadi.

“Ah! Basi hicho ni cha kaburi.” Akacheka mpaka akashika kiuno. Kisha akanieleza kwamba pasipo jua kabisa nisahau maua, nitafute majani. Mmea ulioko gizani hauna nguvu ya kuchanua kila siku, lakini jani likizaliwa na rangi yake, litakaa nayo. Mimi nilikuwa namsikiliza kwa sikio moja, maana macho yalikuwa kwenye puring, yale majani ya manjano na mekundu yanayowaka kama jiko. Bu Sarmi akanionya kwamba huo ni mmea wa juani. Nikaung'ang'ania. Akasema haya, chukua, mtu hasikii mpaka apate mwenyewe. Nilipata. Majani mapya yote yalitoka kijani kibichi, na yale ya zamani yakaanguka moja moja.

Nikarudi na aibu yangu. Safari hii nikachagua miana, yale majani laini ya rangi nyekundu iliyoiva, nyekundu ya damu ya ng'ombe, na kivuli yanakipenda. Nikapanda mstari mzima mbele ya benchi la Mama alipokuwa sokoni. Aliporudi nikamketisha, nikamuuliza anaonaje. Alitazama muda mrefu.

“Naona udongo, Nduk,” akasema. “Umeulima vizuri.”

Nilidhani ananitania. Nikacheka, halafu nikaona hacheki. Nikamwambia, Mama, miana hiyo hapo, miguuni pako, imejaa tele. Akakunja uso, akasema jumba la mtu yule hata moto litaufanya masizi, hiyo miana itafanya nini? Nikakasirika, Mbak, sikufichi. Nikaleta begonia za majani ya zambarau. Hizo nazo akasema ni weusi juu ya weusi. Nikaleta miche ya sri rejeki yenye majani ya wekundu uliokolea. Akaniambia nimwache apumzike na majaribio yangu.

Siku zile mambo mengine nyumbani yalikuwa yanaharibika, nami kila moja nililibandika kwenye lile jumba. Mama akawa anawasha taa adhuhuri. Chai akawa anaimimina nje ya kikombe. Mchele alioupepeta yeye ukawa na mawe, na moja lilinivunja jino. Alipojikwaa kwenye ngazi ya jikoni alisimama akitukana zege la Pak Darmadi kana kwamba lilimtegea mguu. Nawe nilipokusimulia kwenye simu ulisema hilo sasa ni la kupelekwa kwa Pak Lurah, mkuu wetu wa kata, haiwezekani mtu azime mchana ndani ya nyumba ya mjane. Nilikubaliana nawe kwa moyo wote. Nikapeleka malalamiko.

Siku tulipoitwa, ofisi ya kata ilijaa kama kuna sherehe. Mama alivaa blauzi yake ya kebaya, ile ya bluu, akasema vizuri mpaka wanawake wakafuta macho. Hakudai waridi tu. Alisema jumba lile limezima hata baraza lake, kwamba anakaa humo mchana kama mtu aliyefunikwa sufuria, haoni punje ya mchele mkononi mwake. Watu wakaanza kumzomea Pak Darmadi. Yeye naye, unamjua, hasira yake iko puani.

“Bu Karsi, baraza hilo?” akasema. “Mimi nikija kukusalimu nasomea gazeti hapo hapo. Waridi sawa, nimeua, nakiri. Lakini baraza usinisingizie!”

“Wewe unaona kwa sababu unakaa na popo,” Mama akamjibu. Ofisi nzima ikaangua kicheko.

Pak Lurah akaamua kwenda kujionea. Tukaandamana wote mpaka nyumbani, adhuhuri, watu wengine wakapanda hadi ukuta wa msikiti ili wasipitwe. Pak Lurah akaketi kwenye benchi la Mama, akasoma kwa sauti maandishi madogo ya kalenda iliyoning'inia ukutani, akasoma bila kukodoa macho. Mimi mwenyewe nilishangaa. Baraza lilikuwa na kivuli, ndiyo, lakini lilikuwa na mwanga. Nilikuwa naona kila kitu, na nilikuwa nimeona kila kitu siku zote, ila nilichagua kuamini macho ya Mama kuliko yangu.

Hapo Pak Darmadi akasonga mbele, akasimama pembeni kidogo ya Mama. “Haya, Bu Karsi, mbele ya watu wote. Leo nimevaa shati la rangi gani?”

Mama hakugeuza hata kichwa. “La rangi ya mtu asiye na haya.”

Mbak, ungesikia kile kicheko! Hata Pak Lurah alicheka. Wakampigia Mama makofi, wakasema mzee huyu hashindwi kwa mdomo. Kesi ikaahirishwa, maana Pak Lurah alisema siku moja ya jua kali haitoshi kupimia, na Pak Darmadi akaambiwa ajiandae kubomoa gorofa ya juu iwapo itaamuliwa hivyo. Mimi peke yangu sikucheka. Pak Darmadi alikuwa amevaa shati la manjano, manjano ya ndizi iliyoiva, lile la harusi ya mwanawe ambalo mji mzima ulilisema. Mama yetu tunayemjua angekuwa na la kusema juu ya shati lile kwa wiki nzima. Hakulitaja.

Sikumuuliza kitu. Asubuhi iliyofuata nikamwambia twende wote kwa Bu Sarmi, achague mwenyewe, mimi nimeshindwa. Alikataa, kisha akakubali, akasema ni kwa ajili ya kunyoosha miguu. Njiani alinishika mkono, nami nikaona jinsi anavyoupapasa kwa unyayo ukingo wa barabara kabla ya kukanyaga.

Kule kitaluni chini ya turubai, Bu Sarmi akampangia mbele miche mizuri aliyokuwa nayo, nyekundu na zambarau, akiisifia kama watoto wake. Mama alikuwa akiitikia kwa kichwa, kwa heshima, lakini mkono wake ulikuwa ukienda pasipo na kitu, pembeni ya chungu, juu ya chungu. Kisha akasimama ghafla. Upande wa nyuma kulikuwa na keladi, majani yale yanayofanana na ya magimbi, ila haya hayaliwi, jani zima jeupe na mishipa ya kijani tu. Mama akaziendea moja kwa moja, akachuchumaa, akaliweka jani juu ya kiganja.

“Hii,” akasema. “Hii naiona.”

Hakusema naipenda. Bu Sarmi, asiye na breki ya mdomo siku zote, alinitazama tu, akaondoka kwenda kumwagilia miche ambayo alikuwa ameshaimwagilia.

Nikachuchumaa kando yake. Nikamuuliza tangu lini. Nilitegemea ataniambia tangu jumba. Mbak Win, shika moyo. Mama aliniambia ni tangu kabla Pak Darmadi hajaleta tofali la kwanza. Wewe ulikuwa bado uko nasi. Ilianza pembeni, akasema, kama mtu anayefunga dirisha taratibu ili usisikie bawaba. Waridi alikuwa akizikata kwa harufu na kwa miiba. Petali alikuwa akizipima kwa uzito wa mkono, na wateja wakidhani ni uzoefu. Zege lilipopanda, alisema, siku ya kwanza alilia kwa ajili ya maua yake, na siku ya pili alishukuru. Ndiyo, alisema alishukuru. Sasa alikuwa na giza ambalo watu wote wangeliamini, na wa kumlaumu alikuwepo, na hakuna ambaye angemuuliza habari ya macho.

Nilimuuliza kwa nini alituficha sisi wanawe. Akanikumbusha Bibi. Sisi tulikuwa wadogo, tunajua tu kwamba Bibi alikuwa haoni. Hatukujua kwamba baada ya macho yake kuzima alihamishwa nyumba hadi nyumba ya watoto wake, kila mmoja akimweka chumba cha nyuma na kumkataza kutoka asije akaanguka, mpaka akawa hajui tena yuko kwa nani. Mama alikuwa mmoja wa hao watoto. Alisema, “Nilimpenda, Nduk, na nilimfungia mlango kwa kumpenda. Nyie mnanipenda pia.”

Nilimpeleka kwa daktari wa macho wa hospitali ya mkoa. Ni presha ya macho. Ingekuwa mtoto wa jicho angefanyiwa upasuaji na kuona. Hii, daktari alisema, ilichokula haikirudishi. Kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone, kila siku, maisha yote, na huenda kikadumu au kisidumu. Akasema pia kwamba ugonjwa huu hutembea katika familia. Kwa hiyo, Mbak, wewe na mimi lazima tupimwe. Mimi nimeshapimwa na macho yangu bado salama. Nenda wewe wiki hii, usingoje kuona dalili. Mama hakuona dalili mpaka nusu ilikuwa imekwenda.

Ukaja ugomvi wetu. Kesi ilikuwa bado ipo, na Pak Darmadi alikuwa anakosa usingizi kwa ajili ya gorofa yake. Mama alitaka tunyamaze. Alisema mtu yule ameua waridi, acha naye avunjiwe kidogo. Nilimwambia waridi ni haki yetu lakini baraza ni uongo, na sasa kwa kuwa najua, siwezi kusimama tena pale. Hatukusemeshana. Alikula peke yake, nami peke yangu, katika nyumba moja. Nilianza kufikiri nitakwenda mwenyewe kwa Pak Lurah, na nilijua nikifanya hivyo Mama hatanisamehe, kwa kuwa nitakuwa nimemtangaza kabla yeye hajajitangaza.

Siku ya kesi alitoka chumbani amevaa ile kebaya ya bluu. Vifungo alikuwa ameviruka. Akasimama mbele yangu, akasema, “Nifunge vizuri, wasije wakadhani mimi ni kipofu.” Halafu akacheka, na mimi nikacheka huku machozi yananitoka, nikajua ameamua.

Mbele ya watu wote alisema baraza lake lina mwanga, aliyeishiwa mwanga ni yeye. Alisema waridi zake ziliuawa na jumba, hilo harudi nyuma, lakini gorofa isibomolewe kwa sababu ya macho yake. Hakuna aliyecheka siku hiyo. Wengine waliinamisha nyuso, na mmoja nilimsikia akinong'ona kwamba basi hata yale maua alikuwa akiwapunja bila kuona, nami nilimjibu maneno ambayo sitayaandika hapa. Pak Darmadi akatoka nje bila kuaga, na tulipofika nyumbani vipaza sauti vyake vilikuwa vimezimwa. Siku ya tatu akaviwasha tena, kwa sauti ya chini. Sijui nimwitaje mtu yule. Mama anasema ni jirani, basi.

Yasiyopendeza nayo nikuambie. Sokoni wanawake wawili wamehamia kwa muuzaji mwingine wa maua. Watoto wanapita langoni wamefumba macho, wanajigonga makusudi na kucheka. Mama anasikia, na usiku ule wa kwanza hakula. Kuna asubuhi hataki kuamka. Na ile dawa inamuunguza macho, anainua mkono kunizuia kama mtoto. Mimi pia naogopa, Mbak. Nikiwa kazini shuleni naisikiliza simu kuliko ninavyowasikiliza wanafunzi.

Lakini bustani tumeipanda. Tumeng'oa miana nyekundu na zile begonia, tukazipeleka nyuma. Kutoka mlango wa jikoni mpaka kisimani nimepanda keladi nyeupe safu mbili, njia ikapita katikati, naye anapita humo bila kunishika. Kwenye benchi kuna keladi za rangi ya waridi iliyopauka, na miana ya rangi ya limau mbichi, ambayo Bu Sarmi alituletea mwenyewe akisema ni takataka tu za kitalu chake. Kila asubuhi Mama ananiuliza jani gani jipya limefunguka na liko wapi, kisha analipapasa, analiambia neno. Anasema anazijua sasa kwa miguu kabla hazijampotea machoni. Kinachomshangaza, anasema, ni kwamba hakuwahi kuwa na bustani ya kukaa tu. Yote ilikuwa ya kukata na kuuza.

Sasa ombi langu, dada yangu. Najua chumba mmemtengea tangu niliposimulia habari za lile jumba, najua Mas Yudo ana moyo mkubwa. Njoo, tena njoo upesi, maana anakuhitaji na mimi nakuhitaji. Lakini usije kumchukua. Nyumba yako ya gorofani Mama haijui. Hapa anajua kila jiwe, na ile ngazi ya jikoni iliyomkwaza nimeshaitengeneza. Kama ni lazima tugombane juu ya hili, tugombane mimi na wewe, jikoni, yeye asisikie.

Nisalimie Mas Yudo na watoto, na majirani zako wale wa chini walionipikia mara ile. Bu Sarmi anakusalimu, hata Pak Darmadi amekuulizia kwa sauti ya kujikwaa.

Mama yuko hapa kando yangu. Nimemsomea barua yote, amerekebisha mahali pawili, na amesema niongeze hili kwa maneno yake mwenyewe: “Mwambie akija avae nyeupe. Watu watasema amekuja mazikoni, awaache waseme. Nataka nimwone akiingia mlangoni.”

Mdogo wako akupendaye,
Palupi